Mifuko ya Bwana Thirlwell

Kifua, inchi arobaini na mbili. Bega la kulia
limeshuka kuliko la kushoto, upana wa kidole.
Hayo niliyajua kwa utepe.
Mengine nimeyajua kwa mifuko.

Miaka kumi na tisa nilimvika, hapa Sunderland,
chumba cha chini ya jukwaa, pasi ikipumua,
mabomba yakikohoa, na upepo wa bahari yao ya kijivu
ukitafuta ufa wa dirisha.
Nilimvika mwenye nyumba ya wageni, daktari wa sehemu ya pili,
karani, mchimba kaburi, askofu asiyesema,
maiti (mara mbili),
na kila Krismasi shangazi mwenye ndevu
aliyerushiwa peremende na watoto
akazirudisha kwa shabaha.

Bwana harusi hakuwa hata siku moja.
Jina lake kwenye bango lilikaa chini kabisa,
jirani na bei ya tiketi.

Katika michezo ya nyimbo alisimama mwisho wa safu,
goti limegoma, mguu unachelewa nusu pigo,
naye akauchelewesha kila usiku kwa kiasi kilekile
mpaka watu wakadhani ndivyo ngoma ilivyo.
Alipewa mstari mmoja wa kuimba peke yake,
kuhusu bei ya mikunga sokoni.
Sauti ilikuwa na kutu. Aliuimba
kama mtu ambaye samaki kweli wamemdodea
na jua linazama, na nyumbani wanamngoja.

Usiku ule wa Februari sikuuona.
Maureen wa mapazia ndiye aliyenisimulia.
Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kusema,
"Farasi wako tayari, bwana," na kutoka.
Akafungua. Akasema. Bwana hayupo.
Kijana Ashworth, nyota wetu, yuko ghorofani,
suruali ya karne iliyopita, zipu ya juzi, imekwama,
na mimi nimepiga magoti mbele yake na koleo.

Thirlwell hakutoka. Hakuongeza neno.
Aliliendea bakuli la matunda ya nta,
akatazama nyuma, akachukua chungwa, akalinusa,
akalitia mfukoni.
Akafika mlangoni. Akasimama.
Akarudi, akalitoa, akaliweka palepale lilipokuwa,
akaligeuza, upande mzuri uwaelekee wenyewe.
Dakika nne, asema Maureen, hakukohoa mtu.
Kisha Ashworth akaingia, zipu juu,
na makofi yakawa yake.

Mama yangu, mguu kwenye cherehani, alikuwa akisema:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Sijui angesema nini juu ya mtu huyu
aliyeazima miaka arobaini, akasitirika.

Alikufa Novemba, Jumanne, siku tusiyo na onyesho.
Nikaambiwa: punguza makoti, mengine yatauzwa.
Nikaanza na mifuko, kama kawaida, nikitafuta sindano.

Karani: risiti ya rehani ya saa ya kike,
kaiandika mwenyewe kwa penseli.
Askofu: karatasi imekunjwa mara nne,
"Haamini tena tangu vita. Asijue mtu."
Mchimba kaburi: "Jina Enoch. Anaogopa giza."
Maiti wa kwanza: "Alikuwa anakwenda kununua maziwa."
Maiti wa pili hakuwa na mfuko.
Nilipaswa kumshonea.

Na mtumishi wa farasi, koti la kahawia,
kifungo cha tatu kilichokuwa kikinisumbua kila wiki:
"Mtoto ana homa tangu Jumatatu.
Anaomba chungwa."
Wino umefifia. Ni wa miaka mingi
kabla ya ile zipu.

Sikumwonyesha mtu, hata Maureen.
Nimerudisha kila karatasi mahali pake
na mifuko nimeishona, mshono mdogo mdogo, uzi mara mbili.
Atakayelivaa atahisi kitu kigumu kidogo ubavuni,
atainamisha bega la kulia akikikwepa,
atanilaumu mimi, mshonaji.